Safari ya siku saba ya kutazama mandhari kwa Cessna 172: nianze na vivutio au na mafuta?

mbawa_pana

Wakuu, salaam. Napanga safari ya siku saba ya kutazama mandhari kwa Cessna 172S (ndege ndogo ya injini moja na viti vinne). Tutakuwa watatu, tutaruka mchana tu, kwa kanuni za VFR (kuruka kwa kutazama nje, si kwa vyombo). Njia niliyochora ina jumla ya maili za baharini 900 kwenda na kurudi. Inapanda nyanda za juu zenye viwanja vya futi 5,000, inapita kwenye bonde lililobanwa na milima pande zote mbili, inavuka ziwa lenye upana wa maili 20, kisha inafuata ufuo. Viwanja kadhaa ni vya nyasi, na si vyote vina mafuta.

Leseni na chati ninazo. Ninachohitaji ni mpangilio: nichague vivutio kwanza halafu nitafute vituo, au kinyume chake? Tubebe mafuta kiasi gani? Na lile bonde na lile ziwa, mnaangalia nini kabla ya kuamua kupita? Naomba majibu yenye takwimu ili nami nipige hesabu zangu.

tangi_la_kushoto

Mkuu, anza na pampu. Tandaza chati, zungushia kila kiwanja chenye avgas (petroli ya ndege), pima umbali kati ya kimoja na kingine. Vivutio vinaingia baada ya hapo: vile vilivyo kwenye mistari hiyo, au ndani ya maili 15 hivi kutoka mstari. Ukianza na vivutio utakuwa unalazimisha mafuta yafike yasipofika, na abiria wakitazama nje wewe utakuwa unatazama geji.

Lakini kabla ya mafuta kuna uzito, kwa sababu uzito ndio unaokupangia mafuta. 172S inaruhusiwa kuruka ikiwa na kilo 1,157. Uzito mtupu uchukue kwenye karatasi ya mizania ya ndege hiyohiyo utakayorusha; tuseme ni 770. Zinabaki 387. Abiria wapande kwenye mizani wakiwa na nguo na viatu, wasikutajie kwa mdomo. Tuseme mko watatu na jumla yenu ni 225. Mizigo 30. Maji, kamba, oili na vifaa vya dharura 12. Kilichobaki ni kilo 120 za mafuta. Avgas ni kilo 0.72 kwa lita, kwa hiyo una lita 166, ilhali matangi yanabeba lita 200 za kutumika. Hujazi mpaka juu. Akitokea mtu wa nne wa kilo 80 unashuka mpaka lita 55, na ukitoa akiba unabaki na dakika 20 hivi za kuruka. Viti vinne haviahidi watu wanne.

Ukishapata uzito, pata na mahali uzito huo unapokaa ndani ya ndege. Mtu mmoja nyuma pamoja na mizigo yote nyuma hurudisha kitovu cha uzito nyuma, na ndege ya namna hiyo inakuwa nyepesi mno kwenye usukani na ngumu kuitoa pale bawa linapokata nguvu ya kuinua. Sehemu ya mizigo ya 172S ina kikomo cha kilo 54 kwa jumla, hata kama bado una nafasi kwenye uzito mkuu. Piga hesabu mara mbili: ya kuondoka, na ya matangi kuwa tupu. Zote mbili lazima ziangukie ndani ya mipaka.

Sasa mafuta. Kwa kupangia chukua lita 36 kwa saa, kisha rekebisha kwa kile ndege yako inachokula kweli. 166 toa 6 za kuwasha, kutembea uwanjani na kupanda, zinabaki 160. Kanuni za ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga) zinataka akiba ya dakika 30 kwa VFR ya mchana. Katika safari ya aina hii weka saa nzima, lita 36, kwa sababu kuzunguka kivutio na kukwepa mawingu ni mafuta yasiyomo kwenye mstari wa chati. Zinabaki 124, sawa na saa 3.4. Hizo ndizo saa zako, ila usipange mguu wa safari (kipande cha kuruka bila kutua) unaozidi saa mbili na nusu. Abiria mwenye kibofu kilichojaa hufanya rubani aamue haraka mambo yasiyotaka haraka.

Hesabu nyingine usiyoweza kuikwepa kwenye viwanja vyenye pampu moja ni ya mahali pa mwisho pa kugeuza. Zidisha saa zako kwa kasi ya kurudi juu ya ardhi, kisha gawanya kwa jumla ya kasi ya kwenda na ya kurudi. Tuseme ndege inakwenda noti 110 (maili za baharini kwa saa) na upepo wa mbele ni noti 20: kwenda 90, kurudi 130. 3.4 mara 130, gawanya kwa 220, jibu ni saa 2.0, yaani maili 181. Pampu ikiwa maili 220 mbele unafika bila shida kwa saa 2 na dakika 27. Ila ukishapita maili 181 huwezi tena kurudi ulikotoka na akiba yako kamili. Kwa hiyo kabla ya kufika hapo uwe na uhakika na pampu, au uwe na kiwanja cha tatu.

Uhakika haupatikani kwenye kitabu cha viwanja. Piga simu siku mbili kabla, na tena asubuhi ya safari. Uliza kama avgas ipo leo, pampu inafungwa saa ngapi, nani ana ufunguo, na wanapokea malipo ya aina gani. "Mafuta yapo" inaweza kumaanisha Jet A-1 (mafuta ya ndege za jeti), na injini yako hiyo itakufa nayo. Simama kando ya bawa wakati wa kujaza. Avgas 100LL ni ya bluu. Jet A-1 haina rangi au ni ya manjano hafifu, na ukiipaka kidoleni inateleza kama mafuta ya taa na haikauki upesi.

nyasi_ndefu

Naongeza upande mwingine. Mimi ningejaza kila penye pampu bila kuangalia kama nahitaji. Mafuta yaliyobaki uwanjani hayamsaidii mtu aliye angani, na tangi lililojaa jioni linaacha nafasi ndogo ya hewa yenye unyevu kuganda kuwa maji usiku.

tangi_la_kushoto

Kwenye ufuo, njia ndefu ya lami na hewa ya baridi, nakubali, ilimradi uzito uko ndani ya kikomo. Kwenye nyanda za juu hapana. Lita 34 za ziada ni kilo 24, na kwenye kiwanja kifupi cha futi 5,000 hizo zinaonekana. Maji unayashughulikia kwa kuchuja: 172S ina sehemu 13 za kumwagia mafuta, tano kila bawa na tatu chini ya tumbo. Zipitie zote kabla ya safari ya kwanza ya siku na kila baada ya kujaza. Wengi hupitia chache tu za karibu na mlango.

joto_na_futi

Hapo kwenye viwanja vya juu ndipo pa kutulia zaidi. Kanuni ya haraka ya mwinuko wa densiti (mwinuko ambao ndege inajiona iko kwa sababu ya hewa nyepesi) ni hii: chukua mwinuko wa presha (unaosomwa altimita ikiwekwa 1013), ongeza futi 120 kwa kila digrii ambayo joto limezidi kiwango cha kawaida. Kiwango cha kawaida ni digrii 15 usawa wa bahari, kikipungua digrii 2 kwa kila futi 1,000. Kwa futi 5,000 ni digrii 5. Mchana wa digrii 30 umezidi kwa 25, mara 120 ni futi 3,000: ndege inajiona iko futi 8,000. Asubuhi ya digrii 14 umezidi kwa 9 tu, na ndege inajiona iko futi 6,080. Kiwanja ni kilekile, tofauti ni saa ya kuondoka.

Injini isiyo na tabo (kisukuma hewa) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo kwa futi 8,000 una robo tatu ya nguvu hivi. Propela na mabawa navyo vinafanya kazi kwenye hewa nyepesi. Zaidi ya hapo, kasi unayoisoma ikiwa ileile, kasi halisi inakuwa juu kwa asilimia 12 au 13. Utatua ukiona ardhi inakimbia, na mkono utatamani kupunguza kasi. Usipunguze. Shika namba ya kitabu na ukubali njia ndefu zaidi ya kusimama.

Kuhusu nyasi, kitabu cha ndege kinatoa umbali wa ndege mpya na rubani mwenye mkono mwepesi kwenye lami kavu. Virekebishi vinavyotolewa na mamlaka ya anga ya Uingereza ni vya kuaminika: nyasi kavu zidisha kwa 1.2, nyasi mbichi 1.3, mteremko wa kupanda wa asilimia 2 zidisha kwa 1.1, uzito ukiongezeka kwa asilimia 10 zidisha kwa 1.2, kisha mwisho kabisa 1.33 ya usalama kwa kuruka. Vinazidishana, havijumlishwi. Kitabu kikikupa mita 500 kwa lami, na kiwanja chako ni cha nyasi kavu chenye mteremko huo, ni 500 × 1.2 × 1.1 × 1.33, yaani mita 878. Kiwanja cha mita 800 hakitoshi, ingawa kwa macho kinaonekana kirefu.

Halafu weka alama katikati ya njia, jiwe au kichaka. Ukifika hapo bila asilimia 70 ya kasi ya kuinuka, rudisha throtli (mkono wa nguvu ya injini) na ukanyage breki. Uamuzi huo ufanye ukiwa umesimama, ndani ya ndege inayokimbia haufanyiki vizuri.

Vitu viwili vya injini. Juu ya futi 3,000 punguza mchanganyiko wa mafuta kabla ya kuruka: throtli kamili ukiwa umesimama, vuta miksha (mkono wa mchanganyiko) taratibu mpaka mizunguko ya injini ifike kileleni. Ukiacha miksha imejaa, injini inanywa mafuta kupita hewa iliyopo, inakohoa, na unapoteza nguvu uliyokuwa nayo. Pili, IO-360, injini ya 172S, ni ya injekta na haipendi kuwashwa ikiwa moto. Ukisimama dakika 20 mpaka 40 kupiga picha, joto la injini linageuza mafuta kwenye mirija kuwa mvuke. Fuata utaratibu wa kuwasha injini ya moto ulio kwenye kitabu. Ukipampu mafuta ovyo unailoweka, na betri inaishia kwenye kiwanja kisicho na fundi. Mwenye 172 ya zamani ya kabureta hana tatizo hilo, ila ana barafu ya kabureta: hewa yenye unyevu, joto hata la digrii 20, nguvu imepunguzwa kwa kushuka kutazama kitu. Mizunguko ikianza kushuka bila sababu, fungua joto la kabureta lote, si nusu.

bonde_la_upepo

Bonde. Kwanza, ukiweza kuchagua, liingie kutoka upande wa juu ulifuate likishuka. Sakafu inakukimbia na mlango uko wazi mbele yako. Ukiingia kutoka chini, fanya hesabu: ndege inayopanda futi 400 kwa dakika kwa kasi ya noti 80 inapata futi 300 kwa kila maili. Sakafu inayopanda futi 400 kwa maili inakushinda, na hutagundua mapema kwa sababu macho huchukulia mteremko kuwa ndio usawa wa ardhi. Dalili ya kwanza ni kasi inayopungua huku pua ikiwa inaonekana mahali pake.

Pita ubavuni, upande ambao upepo unaupiga mlima na kupanda. Unapata msaada wa hewa inayopanda, na upana wote wa bonde uko wazi upande mmoja kwa kugeuza. Anayepita katikati ana nusu tu ya upana kila upande.

Upana wa kugeuza unapimika. Kwa futi, nusu kipenyo ni kasi halisi kwa noti mara yenyewe, gawanya kwa 11.26, gawanya tena kwa tanjenti ya pembe ya kulaza bawa. Noti 100 kwa digrii 30 inakupa kipenyo cha futi 3,080. Noti 80 kwa digrii 45 inakupa futi 1,140. Kwa hiyo kabla ya kuingia punguza kasi. Ila kwa digrii 45 kasi ya bawa kukata nguvu inapanda kwa asilimia 19, basi zoezi hilo lifanyie juu sana na mwalimu kabla ya safari. Na usisahau kwamba kwa futi 8,000 noti 80 unazosoma ni kama 90 halisi, duara linapanuka.

Ukivuka ukingo wa mlima, uendee kwa pembe ya digrii 45, si moja kwa moja. Ukikutana na hewa inayoshuka unageuza digrii 90 tu kuondoka, badala ya 180. Uwe juu ya ukingo kwa futi 1,000 angalau. Upepo ukipita noti 20, futi 2,000. Utabiri ukitaja zaidi ya noti 25 kwenye usawa wa vilele, ndege ya namna hii ibaki chini siku hiyo. Mawingu yanayokaa palepale kama lenzi juu ya vilele ni tangazo la upepo huo, hata kama uwanjani bendera imelala.

ziwa_tulivu

Ziwa ni hesabu ya mstari mmoja. 172 ikizimika inateleza maili 1.5 kwa kila futi 1,000, kwenye noti 68. Upana wa maili 20, katikati ni maili 10 kutoka kila ufuko, kwa hiyo unahitaji futi 6,700 juu ya maji. Hiyo ni juu ya uso wa ziwa: ongeza mwinuko wa ziwa lenyewe, kisha futi 1,000 au zaidi kwa ajili ya upepo na zile sekunde za kushtuka. Usawa huo upandie juu ya nchi kavu, usiupandie juu ya maji. Kwa kuvuka VFR, mwelekeo wa sumaku 000 hadi 179 ni maelfu witiri na 500 (mfano futi 7,500), 180 hadi 359 ni shufwa na 500 (mfano futi 8,500). Chagua usawa unaokidhi yote mawili. Mawingu yakikukatalia usawa huo, zunguka kwa ufuko. Maili 30 za ziada ni dakika 17.

Maboya ya kuvaa yavaliwe kabla ya kuwasha injini, na yasijazwe hewa ndani ya ndege. Kwenye kabini iliyozama, boya lililojaa linakubana darini na huwezi kupiga mbizi kutafuta mlango. Mweleze kila abiria, na mshikishe mkono kwenye kitasa akiwa amefumba macho.

mbawa_pana

Wakuu, asanteni sana. Nimeanza upya na pampu, na tayari kituo kimoja kimeondoka kwenye ramani. Mawili yamebaki: kuzunguka vivutio kwa ajili ya picha, na kulaza ndege kwenye viwanja visivyo na mlinzi wala fundi.

joto_na_futi

Kuzunguka ndiko kunakoua watu wazoefu. Rubani anatazama chini, upepo unamsukuma kuelekea kitu anachokitazama, anakaza duara bila kujua. Upande wa upepo wa nyuma ardhi inakwenda mbio, anadhani ana kasi na anapunguza nguvu. Weka mipaka kabla: futi 1,000 juu ya ardhi, noti 90, bawa digrii 30 mwisho. Penye wanyama au ndege wengi wa porini, futi 2,000. Badala ya duara pita mstari ulionyooka, kivutio kikiwa upande wa mpiga picha, kisha geuza ukiwa mbali nacho. Mara mbili inatosha, ondoka. Rubani hapigi picha.

Kwa mpiga picha: dirisha la plastiki lina msongo unaotoa mistari ya upinde wa mvua ukitumia filta ya polaraiza, basi ivue. Lenzi isiguse kioo, mtetemo unaharibu picha. Iwe karibu bila kugusa, na nguo nyeusi kuzuia mng'aro. Shata 1/1000 au zaidi. Dirisha la 172S linaweza kufunguliwa angani, soma kikomo cha kasi kwenye kitabu, lakini kamera iwe na mkanda shingoni na kofia ya lenzi ibaki mfukoni: chochote kinachotoka hapo kinaelekea kwenye mkia.

nyasi_ndefu

Kulaza ndege: pua kwenye upepo, vizuizi vya magurudumu, kufuli ya usukani, kamba tatu. Kamba za mabawa ziachie sentimita mbili au tatu. Zikikazwa sana tairi ikipungua upepo zinavuta bawa. Funika mrija wa pitoti (unaopima kasi ya hewa) mara tu injini inapozimwa. Nyigu wa udongo anajenga humo kwa saa chache, na vilevile kwenye bomba la hewa la tangi lililo nyuma ya mhimili wa bawa la kushoto. Likiziba, hewa ya kujaza nafasi ya mafuta yanayotumika haiingii tangini, na mafuta yanaweza kuacha kutiririka. Asubuhi ingiza macho, si kidole. Fungua pia kifuniko cha injini uangalie viota.

Kabla ya kuondoka nyumbani hesabu saa za matengenezo. Maili 900 kwa noti 105 ni saa 8.6; pamoja na kupanda na kuzunguka weka 12, kwa hiyo uwe na angalau 20 kabla ya ukaguzi unaofuata. Oili ianze kwenye kwati 8 (kwati ni karibu lita moja) kwa safari ndefu na isishuke chini ya 5. Beba kwati tatu za aina ileile iliyomo. Mpira wa ndani wa 6.00-6 kwa magurudumu makuu, 5.00-5 kwa la mbele, plagi mbili na spana yake. Kazi gani rubani anaruhusiwa kuifanya mwenyewe, soma sheria ya nchi iliyosajili ndege.

Mpango wa safari upeleke dakika 60 kabla, kwa saa za UTC (saa za kimataifa). Ukichelewa dakika 30 baada ya muda wa kufika bila kusikika, hatua ya kwanza ya tahadhari huanza. Kiwanja kisicho na mtandao wa simu kinaleta msako wa bure, basi funga mpango kwa redio ukiwa bado juu, kiwanja kikionekana, kama utaratibu wa huko unaruhusu. Bikoni ya 406 MHz (kitoa ishara ya dharura) ikae mwilini mwa rubani; ikiwa kwenye begi nyuma, begi linaweza kuzama au kuungua pamoja na ndege.

tangi_la_kushoto

Ratiba: siku saba, panga kuruka tano. Siku ya akiba moja iwe kabla ya bonde na nyingine kabla ya kurudi, na vyumba vya usiku wa mwisho viwe vya kufutwa bila gharama. Miguu ya milimani iishe kabla ya saa nne asubuhi, ya ufuoni inaweza kusubiri mchana. Tuwekee hapa jedwali la uzito na miguu ukishalimaliza, tulipitie mstari kwa mstari.